Kitabu cha Watoto Wazima

Nyamizi alibonyeza mguu wa mwanawe kwa kidole gumba, akakiondoa, akangoja shimo lijae. Halikujaa. Akabonyeza tena karibu na kifundo, na pale napo pakabaki shimo, kama pamebonyezwa ugali uliopoa. Limi hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko yote, maana mtoto wa miaka miwili na nusu ukimbonyeza mguu hulia, hupiga teke, hukusukuma. Limi alikaa tu mlangoni, nywele zimegeuka rangi ya kutu, akawa anatazama kuku.

"Watu wa serikali wamekwisha kufika kwa mwanangwa," mama mkwe alisema kutoka uani. "Mfunike huyo mtoto miguu."

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 1953, upande wa Songwa, na mvua ilikuwa haijatia hata tone. Ng'ombe wa nyumba ile walikuwa tisa. Mwaka uliotangulia ilipotoka amri ya serikali ya kupunguza mifugo, sita walipelekwa mnadani, na katika watatu waliobaki hakuna hata mmoja aliyekamulika. Basi Limi alikula uji wa mtama asubuhi, na jioni michembe, vile viazi vinavyokatwa na kuanikwa juani hadi vikauke kau. Baba yake, Mabula, alikuwa Geita kwenye mgodi wa dhahabu. Mwezi wa kumi na moja huo tangu aondoke.

Na hiyo miezi kumi na moja ndiyo iliyomfanya Nyamizi amfunike mtoto kweli. Kwa watu wa pale, mtoto akivimba miguu na kupauka nywele, ugonjwa ulikuwa na jina moja: kabemendwa. Yaani mama yake kalala na mwanamume kabla ya kumwachisha ziwa, na ubaya wake umemwingia mtoto. Sasa kama mume yuko Geita, huyo mwanamume ni nani? Loo! Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza Nyamizi kwa mdomo, lakini kisimani wanawake walikuwa wakinyamaza anapofika.

Alimviringisha Limi kitenge hadi vidoleni, akambeba mgongoni, akaenda.

Wanawake wote wenye watoto wadogo waliitwa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chao, mtu mnene mwenye koti la kijivu alilolivaa hata jua likipasua vichwa. Pembeni yake alikaa karani wa serikali, kijana wa Bukoba aitwaye Theonest, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikanyooka, kitabu kikubwa mezani, chupa ya wino, na rundo la kadi ngumu zenye namba. Theonest alizungumza Kiswahili safi, ambacho wengi wa wanawake wale walikisikia nusu nusu.

"Serikali inafanya ulinganifu," alisema. "Inataka kujua hali ya watoto wa huku Shinyanga, na wa Geita, na kwingineko. Mahali patakapoonekana watoto wana shida zaidi, ndipo patakapopelekwa maziwa ya unga, bure. Mmenielewa?"

Mwanangwa akasimama kutafsiri kwa Kisukuma, akajikohoza. Alichosema kilikuwa hivi: serikali inashindanisha nchi na nchi, inataka kujua watu wa wapi wanajua kulea, na wa Geita nao wamo, basi kila mtu achunge mdomo wake asije akamwaibisha yeye na mtemi wake. Alidanganya? Sidhani. Huyu mzee maisha yake yote alikuwa amepimwa na wazungu: kodi yake, matuta yake, pamba yake. Alisikia neno la kulinganishwa akajua ni mashindano, na katika mashindano mtu haombi kuwa wa mwisho.

Wanawake wakajipanga. Theonest alikuwa mtu wa bidii, na kwa kuwa alitaka kuwafurahisha watu alikuwa amejifunza neno moja la Kisukuma. Kila mwanamke alipofika mezani aliuliza jina la mtoto, akaandika, kisha akamwelekezea mtoto kalamu na kuuliza, "Mhola?"

"Mhola duhu," mwanamke alijibu.

Theonest akaandika: mzima.

Sasa angalieni jambo hili. Mhola kwa Msukuma ni salamu. Unaulizwa mhola, unajibu mhola duhu, salama tu, hata kama nyumba yako imeungua usiku na umesimama na majivu kichwani. Huwezi kumtupia mgeni msiba wako usoni kabla hajakaa. Unajibu salama, anauliza ya nyumbani, unajibu salama, anauliza ya mifugo, unajibu salama. Akishaweka fimbo chini ndipo anauliza, haya, habari zenyewe? Hapo ndipo unafungua moyo. Mtu anayeanza na matatizo ni mtu asiyelelewa.

Nyamizi alifika mezani. Alikuwa ameamua. Mwanangwa na aseme atakalo, mama mkwe na aseme atakalo. Huyu kijana akiuliza habari zenyewe, yeye atafungua kitenge aonyeshe miguu.

"Jina?"

"Limi, mwana wa Mabula."

"Limi. Mhola?"

"Mhola duhu," alisema Nyamizi kwa adabu, akapiga goti kidogo, akangoja.

Theonest aliandika kitabuni na kwenye kadi namba mia moja na kumi na mbili, akampa kadi, akatazama nyuma yake. "Anayefuata!"

Nyamizi alibaki amesimama. Mwanamke wa nyuma alimsukuma taratibu kwa kiwiko. Akasogea pembeni, kadi mkononi, bado anangoja kuulizwa. Ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba ameshaulizwa, na ameshajibu.

Jua lilipokaribia utosini foleni iliisha, na Theonest akaletewa kuku. Nyamizi alikuwa angali pale. Alimsogelea, akapiga magoti, akamshusha Limi na kumfungua kitenge.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba, mama. Kuna nini tena?"

"Mtoto wangu hajambo si kweli. Mtoto wangu anaumwa." Kiswahili chake kilikuwa kinamkwama. "Tazama."

Theonest akatazama. Akaweka paja la kuku sahanini. Hakuwa mtu mbaya. Nyumbani kwao alikuwa na mdogo wake wa umri ule.

"Lakini mimi nilikuuliza, mama. Ukasema mzima. Hili hapa nimeandika."

"Nilikuwa nakuamkia, baba."

"Ulikuwa unaniamkia?"

"Ulisema mhola. Nami nikaitika. Habari zenyewe hukuniuliza."

Theonest akamtazama, kisha akakitazama kitabu. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzima, mzima, mzima, mzima, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, majina mia na arobaini na saba ya kijiji hiki, na kabla yake vijiji vitatu. "Kwa hiyo wote walikuwa wananiamkia?"

"Mimi sijui ya wote," Nyamizi alisema. "Mimi nasema ya Limi."

"Bwana karani," mwanangwa aliingilia akicheka, "huyu mama nyumba yake ina mambo. Mumewe yuko Geita mwaka mzima, na mtoto, unavyomwona, kabemendwa. Hilo si jambo la serikali, ni la ukoo. Usimwandikie serikali fitina za wanawake."

Nyamizi alihisi uso unamwaka. Mbele ya mgeni! Mbele ya vijana wa karani waliokuwa wakifunga mizigo! Alitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuinuka, na hakumfunika mtoto.

Theonest alishika kalamu, akaichovya. Kufuta mmoja kungekuwa rahisi. Lakini akifuta mmoja, na wale wengine? Itabidi arudi vijiji vyote vinne, amweleze bwana wake kwamba siku sita za kazi ni salamu tupu. Bwana wake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Jumatatu hesabu iwe mezani. Wino ukadondoka kwenye meza, akaupangusa kwa kidole.

"Kitabu cha serikali hakifutwi, mama," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Mpe mayai."

Mayai! Mtu ambaye kuku wake wawili ndio waliokuwa wamebaki, na mmoja ndiye aliyekuwa sahanini pale, maana mwanangwa alikuwa ametuma mtu kumchukua asubuhi kwa ajili ya mgeni.

Mwezi mmoja baadaye mwanangwa aliita watu na kutangaza kwa furaha kwamba wao ni wa kwanza. Katika ulinganifu wote, watoto wao wameonekana wazima kupita wa Geita, tena kwa mbali sana, na Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, ametuma salamu za pongezi. Watu walipiga vigelegele. Maziwa yakaenda Geita.

Mwezi uliofuata mama mkwe alimwita Nyamizi uani na kumwambia polepole, bila hasira, kwamba ni vizuri amtaje huyo mwanamume ili dawa ipatikane. Kesho yake alfajiri Nyamizi alimbeba Limi, akachukua kibuyu cha maji na mtama wa kukaanga, akashika njia. Alipata lori la pamba hadi Kahama, na jingine hadi Katoro, wakati huo vibanda vichache tu kandokando ya barabara. Kutoka Katoro alikwenda kwa miguu, siku moja na nusu. Limi mgongoni alikuwa mzito, na haukuwa uzito wa nyama.

Mabula alipotoka shimoni na kumkuta mkewe langoni mwa kambi hakumwamkia. Alimshika Limi mguu, akabonyeza, akaona shimo. Kisha Nyamizi akaona vidole vya mumewe vinakunjwa kimoja kimoja ubavuni mwake. Alikuwa anahesabu miezi.

"Umemfanya nini mtoto?" aliuliza.

"Nimemlisha michembe, Baba Limi. Ndicho nilichomfanya."

Mabula alikuwa amekonda, macho mekundu kwa vumbi la mawe. Kambini walilala wanaume kumi na sita chumba kimoja, wanawake hawakuruhusiwa. "Kuna zahanati njia panda, wanagawa maziwa," alisema. "Nenda ukapange foleni. Watasema nini, sijui."

Akamwonyesha njia. Hakumsindikiza.

Zahanati ilikuwa nyumba ya mabati yenye baraza. Makopo ya maziwa yalipangwa ukutani hadi darini. Kwenye meza alikaa karani wa maziwa, Pantaleo, mwenye miwani na daftari la majina. Nyamizi alipiga goti, akatoa ile kadi yake aliyoifunga pembeni mwa kitenge safari nzima. Aliitoa kwa mikono miwili. Alidhani kadi ya serikali ndiyo mlango wa serikali.

Pantaleo akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii ni ya Shinyanga."

"Ndiyo, baba."

"Namba mia moja na kumi na mbili. Mzima." Akamrudishia. "Maziwa haya ni ya watoto wagonjwa wa Geita."

"Tazama miguu yake, baba."

"Mama, mimi kazi yangu si kutazama miguu. Kazi yangu ni kutazama kadi. Hapa nina watoto mia mbili, tunawapima kila mwezi, wanalinganishwa na wenzao wa kwenu ambao hawanywi maziwa. Nikimwingiza wa kwenu kati ya wa hapa, nimeharibu ulinganifu. Unaelewa? Na Mungu apishe mbali, mtoto huyu akifia hapa, atahesabiwa wa hapa."

"Basi akifia kule?"

"Kule yeye ni mzima," alisema Pantaleo. "Anayefuata."

Nyamizi alitoka, akakaa nyuma ya zahanati penye jivu la jikoni, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, wala hakujali nani anasikia. Nesi mmoja alikuja na ndoo, mama wa makamo, aliyeitwa Generosa. Aliketi kando yake, akamgusa Limi kope, akamfungua mdomo, akamnusa pumzi.

"Amebakiza wiki moja," alisema. "Labda mbili. Si ugonjwa wa kurogwa wala wa umalaya, mama, wanawake wote wanaokuja hapa wameambiwa hivyo hivyo. Ni njaa ya maziwa tu."

Nyamizi akamkodolea macho. Mwaka mzima huo, hilo lilikuwa neno la kwanza la haki aliloambiwa.

Generosa akageuka kutazama mlango, akashusha sauti. "Sikiliza. Kila jina likifutwa kwenye daftari, kopo moja linapungua mwezi unaofuata. Kwa hiyo mimi huwa sifuti haraka. Kuna mtoto anaitwa Bhoke, mama yake anaitwa Ghati, Mkuria, mumewe anachimba huku. Umri wake ni huu huu. Kesho likiitwa jina la Bhoke, nenda mezani. Pantaleo hatazami nyuso, hata yako ya leo keshaisahau; anajua majina tu."

"Na huyo Bhoke mwenyewe?"

"Alizikwa Jumapili."

Nyamizi akamvuta Limi kifuani. Jina la marehemu hupewa mtoto, ndiyo, lakini la babu, la bibi, la mtu wa ukoo aliyeombwa na kutambikiwa. Siyo la mtoto wa watu, kaburi bado bichi, mama yake bado yuko hai na hajaulizwa! Lilikuwa jambo la kutisha, na alitishika kweli. Alitazama miguu ya Limi.

"Likiitwa niseme nini?" aliuliza.

"Sema yupo."

Kesho yake alisema yupo. Akapewa kikombe, na Limi akakinywa chote, akatapika nusu. Siku ya tatu hakutapika. Siku ya tisa uvimbe wa kope ulishuka. Walilala jikoni kwa Generosa, kwenye gunia. Siku ya kumi na nne Limi alidonolewa na kuku kidoleni, akalia kwa nguvu, kilio cha mtoto mwenye hasira, na Nyamizi na Generosa wakatazamana wakacheka hadi machozi. Kitu kimoja tu kilimkata Nyamizi maini: Pantaleo alipoita "Bhoke!" barazani, Limi alikuwa ameanza kugeuza kichwa.

Mwisho wa mwezi akaja bwana mganga wa kizungu kutoka Mwanza, na mizani, na mtu wa kupiga picha. Wanawake walipangwa barazani. Pantaleo alikuwa amevaa tai. Bwana alizungumza, Pantaleo akatafsiri: mwezi huu Geita hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa katika daftari, na Shinyanga nako watoto ni wazima, kwa hiyo serikali imefurahi, na maziwa yatakwisha mwezi ujao kwa kuwa kazi yake imeonekana.

Yatakwisha. Nyamizi alitafuta uso wa Generosa. Generosa alikuwa ameinama, anapanga vikombe.

Majina yakaitwa, watoto wakawekwa mizanini mmoja mmoja. Hapo Nyamizi akamwona mwanamke mrefu amesimama mwisho wa baraza, kichwa kimenyolewa kwa msiba, mikono mitupu. Hakuwa na mtoto. Alikuwa akimtazama Limi tu, bila kupepesa. Nyamizi hakuhitaji kuambiwa ni nani. Habari zimemfikia, alijiambia, amesikia jina la mwanawe linaitwa kila asubuhi na mtoto mwingine anakunywa maziwa yake. Atasema. Na ana haki ya kusema.

"Bhoke, mwana wa Ghati!" aliita Pantaleo.

Nyamizi alimkumbatia Limi, akabaki pale pale.

"Bhoke! Mama yake yuko wapi?"

Mwanamke mrefu akatembea katikati ya foleni, watu wakimpisha. Alifika mbele ya Nyamizi akanyoosha mikono. Nyamizi alimtazama usoni, na alichokiona pale hakikuwa hasira; heri kingekuwa hasira. Mikono yake mwenyewe ikalegea. Ghati akamchukua Limi, akampeleka mizanini, akamweka kwa uangalifu kama mtu anayekumbuka namna ya kufanya.

"Wangu," alisema.

Bwana akasoma uzito, akalinganisha na wa mwezi uliopita, akainua nyusi, akatabasamu. Akasema neno kwa mpiga picha. Pantaleo akatafsiri kwa sauti ya sherehe: huyu ndiye aliyeongezeka kuliko wote, picha yake itapelekwa Dar es Salaam, mama na mtoto wasimame penye mwanga.

Ghati alisimama penye mwanga, Limi kifuani. Nyamizi alimfuata hatua mbili, mikono mbele.

"Wewe mama," Pantaleo alisema, "usiyehusika sogea, unatia kivuli."

Nyamizi akasogea. Mpiga picha aliinama chini ya kitambaa chake cheusi, akamwomba Ghati atazame mbele. Ghati hakutazama mbele. Alikuwa amezamisha uso kwenye nywele za mtoto, amemkumbatia kwa mikono miwili, na hata picha ilipokwisha na foleni ikaanza kusogea tena, hakumwachia.